Kalamu ya Tete na Kibao cha Udongo

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wageni wa jumuiya)



Kamati imenitaka nizungumze juu ya jambo la elimu, ikaniachia hiari ya kuchagua. Nimechagua jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana dogo, nalo ni namna ya kushika kalamu. Sisemi kalamu zetu za leo. Nasema ile ya makatibu wa nchi ya Iraki ya kale, waliokuwa wakiandika juu ya udongo mbichi zaidi ya miaka elfu tano iliyopita. Maandishi yao wataalamu huyaita mwandiko wa kikabari, kwa sababu kila alama yake ni mkusanyiko wa vishimo vidogo vyenye umbo la kabari ya kupasulia kuni, yaani kichwa kipana na mkia mwembamba.

Wengi wetu tumepata kuona picha za vibao hivyo katika vitabu, na aghalabu watu hudhani mambo mawili. La kwanza, kwamba makatibu wale walichonga maandishi yao, kama fundi achongavyo nakshi juu ya mlango. La pili, kwamba vibao vyao vilichomwa tanuruni kama matofali. Yapo maandishi ya kikabari yaliyochongwa juu ya mawe kwa amri za wafalme, na vipo vibao vilivyochomwa kwa makusudi, lakini hayo ni machache. Kazi ya kila siku haikuwa kuchonga wala kuchora. Ilikuwa kubonyeza. Na mtu asipojua mkono wa katibu ulifanya nini, hawezi kufahamu kwa nini mwandiko ule una sura ile, wala kwa nini umetufikia sisi ilhali maandishi mengine mengi ya zama zile yamepotea.

Hapa mezani nimeweka bonge la udongo wa mfinyanzi na kipande cha tete, ili maneno yangu yasiwe ya hewani. Atakayeyasoma haya kitabuni naye aweza kujaribu nyumbani kwake. Hata kijiti cha kawaida kilichochongwa ncha yake ikawa ya mraba chatosha.

Tuanze na nchi yenyewe. Kusini mwa Iraki, baina ya mito ya Tigris na Euphrates, ambayo Waarabu huiita Dijla na Furati, ni nchi tambarare. Mawe ni adimu, na mbao nzuri za kujengea zilitoka mbali. Lakini viko vitu viwili visivyokwisha, navyo ni udongo laini ulioletwa na mito, na matete yaotayo katika mabwawa. Wamisri walikuwa na mafunjo, wakatengeneza karatasi zao kwa mafunjo. Watu wa Iraki waliinama ukingoni mwa mto wakapata kalamu na karatasi mahali pamoja, bila kulipa hata senti moja. Twapaswa kulikumbuka hilo, maana kila kitu nitakachokieleza chatokana na tabia ya udongo na tabia ya tete.

Vibao vya kale kabisa vinavyojulikana vimetoka katika mji wa Uruk, ambao magofu yake huitwa Warka. Wajerumani walianza kuchimba huko mwaka 1912, na kwa jumla vimepatikana vibao na vipande takribani 5,000 vya zama hizo za mwanzo. Umri wa vile vya awali ni kiasi cha mwaka 3300 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Wala si mashairi wala si habari za vita. Ni hesabu: shayiri iliyopokewa, kondoo waliotolewa, pombe ya shayiri, chakula cha wafanya kazi. Mwandiko ulizaliwa mikononi mwa watunza ghala.

Ukivitazama vibao hivyo vya mwanzo utaona kwamba maneno yalichorwa. Katibu alishika tete lenye ncha kali akachora kichwa cha mtu, bakuli la chakula, nyota yenye miale, mistari miwili ya mawimbi kuwa ni maji. Lakini hesabu hakuzichora. Hesabu alizibonyeza kwa mwisho wa tete lililo mviringo: likisimama wima lilifanya duara, likilala kidogo lilifanya umbo la ukucha. Basi tangu mwanzo kabisa njia mbili zilikaa pamoja juu ya kibao kimoja, ile ya kuchora na ile ya kubonyeza, na mapambano yao yalichukua miaka mia kadhaa.

Nani alishinda? Yeyote aliyepata kuchora kwa kijiti juu ya udongo laini aweza kukisia. Ncha ya kijiti haipiti juu ya udongo kama kalamu ipitavyo juu ya karatasi. Hulima. Udongo hupanda pande zote mbili za mfereji kama tuta la shamba, na ukiukata mstari mwingine juu yake, tuta la wa pili hufukia wa kwanza. Kupinda ni taabu zaidi, duara hukatikakatika. Kwa ufupi, udongo haupendi mviringo. Lakini ukibonyeza badala ya kuburura, alama hutoka safi kwa mguso mmoja, nawe waenda upesi. Kidogo kidogo makatibu wakaacha kuchora, wakavunja kila mchoro kuwa vipande vya mistari iliyonyoka. Kufikia miaka ya 2600 kabla ya Isa, katika vibao vya Shuruppak, mahali paitwapo leo Fara, kabari zimekwisha kushika kazi. Uso wa mtu ulipoteza pua na kidevu. Mawimbi ya maji yakawa kabari zilizonyoka. Nyota yenye miale minane, iliyokuwa na maana ya mbingu, ikabaki kabari chache zilizokutana.

Wako wasemao kwamba mabadiliko hayo yalikuwa ni kushuka kwa ustadi. Mimi sikubali. Watu wale wale, katika zama zile zile, walichonga mihuri ya mawe yenye picha za wanyama na watu nzuri mno, midogo kuliko kidole. Ustadi walikuwa nao. Lakini katibu mwenye mifugo elfu ya kuhesabu hana haja ya kuonyesha pua ya mtu. Ataka alama moja itofautiane na nyingine, na kibao kikamilike kabla udongo haujakauka.

Sasa nije kwenye kabari yenyewe. Tete hukatwa na kuchongwa hata mwisho wake ukapata kona. Haikuwa ncha kali kama ya sindano, wala bapa kama ya patasi, bali kona, mfano wa pembe ya sanduku. Kalamu haikushikwa kama tushikavyo yetu. Ilishikwa baina ya kidole gumba na vidole vya mbele, mwili wake ukilala kuelekea kiganjani. Kisha kona hushushwa juu ya udongo, na papo hapo ule ukingo wa tete hulazwa kidogo nyuma yake. Kona huzama zaidi, ikafanya kichwa cha pembe tatu. Ukingo huzama kidogo tu, ukafanya mkia. Halafu kalamu huinuliwa. Hakuna kuvuta. Kichwa na mkia vimetoka kwa pigo moja, na kwa mtu aliyezoea yote hayo huisha kwa muda wa kupepesa jicho.

Ukiligeuza tete kidogo baina ya vidole, kabari husimama. Ukiligeuza tena, hulala. Ukilielekeza mshazari, hupanda au hushuka. Na ukibonyeza kona peke yake bila kuulaza ukingo, hupata kishimo kifupi kisicho na mkia, ambacho Wajerumani, mabingwa wa elimu hii, hukiita ndoano ya pembe. Basi: kusimama, kulala, kushuka, kupanda, na ndoano. Kwa maumbo hayo matano ziliandikwa alama zote, nazo katika orodha za wataalamu zapita 600. Isimtishe mtu hesabu hiyo, kwani katibu wa kawaida hakuzihitaji zote.

Kuna jambo moja ambalo mtu akilijua hawezi tena kukitazama kibao kwa macho yale ya zamani. Vichwa vya kabari karibu daima viko juu au kushoto. Hutaona kabari yenye kichwa kulia na mkia kushoto, ila kwa nadra sana. Sababu si amri ya mfalme wala siri ya dini yao. Sababu ni kifundo cha mkono wa kulia. Mkono ushikao kalamu toka kulia huweza kuishusha kona kushoto na juu bila taabu. Kuifanya kinyume ni kujipinda kama mtu ajikunaye mgongo. Na pale mkono wa kulia uliposhindwa, wa kushoto ulisaidia, kwa sababu vibao vingi ni vidogo, vyatosha kiganjani, na katibu aliweza kukigeuza kibao kidogo huku na huku chini ya kalamu. Sisi twaandika kwa mkono mmoja, wa pili ukizuia karatasi isiruke. Wao waliandika kwa mikono miwili.

Mtauliza: haya yamejulikanaje, ikiwa matete yenyewe yameoza zamani? Na hapa pana habari ya kustaajabisha. Uwezo wa kuusoma mwandiko huu ulithibitishwa mwaka 1857, pale Jumuiya ya Kifalme ya Asia huko London ilipowapa mabingwa wanne, Rawlinson, Hincks, Talbot na Oppert, nakala ya maandishi ya mfalme Tiglath-pileser wa Kwanza, kila mmoja aifasiri peke yake katika bahasha iliyofungwa. Tafsiri zilipofunguliwa zilipatana kwa mambo makubwa. Lakini kusoma ni jambo moja, na kujua yaliandikwaje ni jingine. Karibu miaka hamsini ikapita, mpaka mwaka 1906 Mjerumani Leopold Messerschmidt alipotoa uchunguzi wake wa namna vibao vilivyoandikwa. Ushahidi ulikuwemo ndani ya vishimo vyenyewe. Tete lina ngozi ya nje iliyo laini na nyama ya ndani yenye nyuzi. Ukiitazama kabari kwa kioo cha kukuzia, mara nyingi waona upande mmoja wa kishimo ni laini kama kioo na upande mwingine una michirizi myembamba ya nyuzi. Tete limeoza, sura yake imebaki. Kazi hiyo imeendelea hata zama zetu. Mwaka 2014 mtaalamu wa Kiitalia Michele Cammarosano alitoa uchunguzi mrefu juu ya kalamu hiyo moja tu, akalinganisha michoro ya makatibu katika kuta za majumba ya Waashuri na alama zilizo katika vibao.

Kadhalika hujulikana ni kabari ipi iliyotangulia. Kabari ya pili ikiikata ya kwanza, huusukuma udongo ndani yake. Kwa hiyo mchunguzi hufuata mkono wa mtu aliyekufa miaka elfu nne iliyopita, pigo baada ya pigo, akajua alianzia wapi na akamalizia wapi. Sijui elimu nyingine iwezayo kutukaribisha hivyo kwa mtu wa kale ambaye hata jina lake hatulijui.

Na kwa kuwa maandishi ni vishimo, husomwa kwa kivuli. Mwanga ukikipiga kibao usoni moja kwa moja, maandishi hupotea. Hubaki bonge la udongo lenye mikwaruzo. Mwanga ukija toka ubavuni, juu upande wa kushoto, kila kabari huinuka. Katibu alikuwa akikigeuzageuza kibao mkononi akitafuta jua. Ndiyo maana picha moja iliyopigwa vibaya haifai kitu, na ndiyo maana majumba ya makumbusho siku hizi hupiga picha nyingi za kibao kimoja, taa ikihamishwa kila mara.

Juu ya udongo nina machache ya kusema. Haukuwa udongo wowote uliookotwa njiani. Ulitakaswa, mawe na mizizi ikatolewa, ukakandwa kama unga wa mkate. Vibao vikubwa mara nyingine vilifanywa kwa kiini cha udongo wa kawaida, kisha vikavikwa juu udongo mwororo zaidi. Upande wa mbele aghalabu ni bapa, wa nyuma umevimba kidogo. Katibu akimaliza mbele hakukifunua kibao kama tufunuavyo ukurasa; alikipindua kwa chini, kichwa kikawa miguuni, akaendelea nyuma. Mistari ya kugawa safu ilipigwa kwa kalamu au kwa uzi uliokazwa na kubonyezwa juu ya udongo. Kosa lilifutwa kwa kidole, na alama za vidole vyao zingaliko. Na nafasi ikiwa haitoshi, maneno yalimwagikia ukingoni, kama mtu anayejaza pembe za barua yake asitake kununua karatasi ya pili.

Muda ndio uliokuwa mtihani. Udongo ukiwa mbichi mno hung'ang'ania tete, alama ikatoka na mdomo uliochanika. Ukikauka mno, hupasuka. Aliyekuwa na kazi ndefu alihitaji kitambaa chenye maji cha kufunikia, tena alihitaji kujua toka mwanzo atasema nini, maana huwezi kuongeza mstari katikati kesho.

Ustadi huo ulifunzwa tangu utoto. Katika mji wa Nippur, Wamarekani waliochimba mwaka 1951 na 1952 waligundua nyumba ndogo ya kawaida, ambayo wataalamu huiita Nyumba F, na ndani yake vipande vipatavyo 1,400 vya vibao, vingi vikiwa kazi za wanafunzi wa karne ya 18 kabla ya Isa. Wasumeri waliiita shule eduba, na tafsiri yake ya kawaida ni nyumba ya vibao. Mtoto alianza kwa kufinyanga kibao chake mwenyewe. Kisha aliandika kabari tupu, safu nzima za kusimama, safu nzima za kulala, safu nzima za mshazari, hata mkono ukazoea. Halafu silabi: tu, ta, ti, nu, na, ni, bu, ba, bi. Wanafunzi wa chuoni, naona mnacheka, na mna haki ya kucheka. Baadaye yalifuata majina ya watu, orodha ndefu za vitu vya mbao, vya matete, vya ngozi, kisha mikataba ya mfano na methali.

Mwalimu aliandika kielelezo upande wa kushoto, mwanafunzi akakinakili upande wa kulia, akafuta, akaandika, akafuta tena. Katika vibao vingine upande wa mwanafunzi umekuwa mwembamba kuliko wa mwalimu, kwa kule kukwanguliwa mara nyingi. Masomo mengine yaliandikwa juu ya vibao vya duara mfano wa mkate mdogo. Na katika nyumba ile ile palikuwa na mahali pa kulowekea vibao, palipopakwa lami ili maji yasipenye, vibao vilivyokwisha kazi vikarudishwa kuwa udongo mpya. Ubao wetu wa chuoni uliooshwa wino wake ukaandikwa tena, wazee hawa wanaujua. Desturi ni moja, vyombo ndivyo vilivyo mbali mbali.

Lakini kwa nini watu wa biashara waliuamini udongo? Twende Uturuki, mahali paitwapo Kültepe, ambapo katika miaka ya 1900 kabla ya Isa palikuwa na mji wa Kanesh. Wafanya biashara wa Ashur, mji wa kaskazini mwa Iraki, walikuwa wakipeleka huko bati na nguo juu ya punda, wakirudisha fedha na dhahabu. Vibao vyao zaidi ya 22,000 vimepatikana. Wataalamu wanaona kwamba wengi miongoni mwa wafanya biashara hao waliandika wenyewe, kwa alama chache zisizozidi mia na kitu, pasipo kumlipa katibu. Zimo barua za wake zao waliobaki Ashur, waliosimamia ufumaji wa nguo, wakiwauliza waume zao fedha ya mauzo iko wapi.

Hati ya deni iliandikwa juu ya kibao kidogo. Kibao kikakaushwa, kisha kikafunikwa kwa ngozi nyembamba ya udongo mwingine, kama andazi lililotiwa kitu ndani. Juu ya bahasha hiyo ya udongo yaliandikwa maneno ya hati mara ya pili, na mihuri ya mashahidi, iliyo mfano wa vijipipa vidogo vya mawe, ikabingirishwa juu yake. Ukitokea ubishi, bahasha huvunjwa, na hati ya ndani ambayo hapana mkono ulioigusa husomwa. Udongo uliokauka hauongezeki neno. Ukijaribu kupenyeza kabari moja ili kumi iwe ishirini, utaupasua. Ukiulowesha ili uwe laini, umejishitaki mwenyewe. Sisi tulioamrishwa kuandika deni na kuweka mashahidi, haitupasi kushangaa kwamba watu wale walijishughulisha hivyo. Deni lilipolipwa, mdaiwa alirudishiwa kibao chake, au kikavunjwa.

Na biashara ilikwenda kusini pia. Katika mji wa Ur, Leonard Woolley alipata barua ya kiasi cha mwaka 1750 kabla ya Isa, aliyoiandika mtu aitwaye Nanni kumlalamikia mfanya biashara wa shaba aitwaye Ea-nasir, kwamba alipewa shaba mbovu na mjumbe wake akadharauliwa. Shaba hiyo ililetwa kwa njia ya bahari toka Dilmun, ndiyo Bahrain, na asili ya shaba nyingi ya bahari ile ilikuwa nchi ya Magan, ambayo wataalamu huiweka Oman. Wenye jamaa zao pande zile na walijue hilo. Kibao kimeandikwa mbele na nyuma, kimejaa, na hasira ya mtu yule ingali mbichi ijapokuwa udongo umekauka.

Nilisema kwamba vibao vingi havikuchomwa. Vilikaushwa tu. Basi moto ulipovifikia, ulivifikia kwa msiba. Ebla, huko Shamu, jumba la mfalme liliungua kiasi cha mwaka 2300 kabla ya Isa. Waitalia walipolichimba mwaka 1975 walikuta maelfu ya vibao vimelala pale pale rafu zilipoangukia. Ninawi ilitekwa na kuchomwa mwaka 612 kabla ya Isa, na vitabu vya mfalme Ashurbanipal vikaanguka pamoja na dari. Zaidi ya vibao na vipande 30,000 vya hazina hiyo viko London katika jumba la makumbusho la Uingereza. Maktaba ya karatasi ikiungua, imekwisha. Ya udongo ikiungua, huwa ngumu zaidi. Adui aliyetia moto ndiye aliyeihifadhi kazi ya makatibu.

Kinachokiua kibao kisichochomwa ni maji na chumvi, na mikono ya watu. Mwezi wa Aprili mwaka 2003, wakati wa vita, jumba la makumbusho la Baghdad liliporwa vitu vipatavyo 15,000, na miaka iliyofuata wezi walichimba usiku katika magofu ya kusini. Kibao kilichoibiwa chaweza kurudi, na vingi vimerudi. Lakini kile kilichochimbwa na mwizi hakirudi na mahali pake: hatujui kilikuwa katika nyumba gani, karibu na kibao kipi, chini ya sakafu ya zama zipi. Ni kama kurasa moja moja zilizong'olewa toka vitabu mia na kuchanganywa katika gunia.

Hata udongo mtupu una habari. Mwaka 1887 katika kijiji cha Amarna huko Misri zilianza kupatikana barua za wafalme wa karne ya 14 kabla ya Isa, zipatazo 380 kwa jumla, zilizoandikwa kwa kikabari. Nyingine hazikutaja wazi zilikotoka. Wataalamu wa Israeli wakachunguza chembe za udongo wake, na uchunguzi huo, uliochapwa mwaka 2004, ukaonyesha barua nyingi zilifinyangwa katika nchi gani. Na katika miaka hii ya 2020 wataalamu wa Hamburg wametengeneza mashine ya miale inayosafirishwa hadi makumbusho na kuisoma hati iliyo ndani ya bahasha ya udongo pasipo kuivunja. Hati iliyofungwa mbele ya mashahidi miaka karibu elfu nne iliyopita yasomwa, na mihuri yao ikingali mizima.

Je, mwandiko uliodumu miaka elfu tatu uliondokaje? Jibu limo katika picha zilizochongwa juu ya kuta za majumba ya Waashuri, tangu karne ya nane kabla ya Isa. Makatibu wawili wamesimama bega kwa bega wakihesabu mateka na nyara. Mmoja ana kalamu ya kona, na mara nyingine hakushika udongo, ameshika mbao mbili zilizopakwa nta, mfano wa zile za pembe za ndovu alizozipata Max Mallowan kisimani huko Nimrud mwaka 1953. Wa pili ana ngozi iliyokunjwa, na kalamu ya wino. Huyo wa pili aandika Kiarami. Herufi zake ni ishirini na mbili tu, tena zimepinda, zenye mikia na vitanzi, mambo ambayo udongo uliyakataa tangu siku za Uruk. Kwa wino juu ya ngozi ni mepesi.

Kwa miaka mia kadhaa makatibu hao wawili walifanya kazi katika chumba kimoja. Kisha kazi ya yule wa kwanza ikapungua. Mikataba ikahamia kwenye ngozi, barua zikahamia, na mwisho wakabaki wanajimu wa Babeli peke yao, wakiandika mienendo ya nyota juu ya udongo kama walivyofanya babu zao. Katika vibao vya mwisho vinavyojulikana tarehe yake, kimoja ni cha mwaka 75 baada ya Isa. Neno la Kiakadi la kuandika lilikuwa shataru. Lina udugu na satara ya Kiarabu, na kwetu likatufikia kwa neno mstari. Zile herufi za Kiarami zilipitia kwa Wanabati zikazaa mwandiko wa Kiarabu. Na tete la mabwawa ya Iraki halikutupwa. Lilichongwa upya, kona ikaondolewa, ncha ikapasuliwa katikati ili ishike wino, na kalamu hiyo ndiyo waliyoitumia walimu wetu.